Mhariri Aliyeng'atwa na Panya

Jamani, najua nimepotea. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kazi, wengine kama nimeoa kimyakimya. Sijaacha kazi na wala sijaoa. Nilikuwa nauguza nyoka.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Nyoka. Hebu nianze mwanzo, maana kisa chenyewe hakinipambi hata kidogo.

Mwanzoni mwa kipupwe nilitumwa Nungwi kuandika habari za mafundi wa majahazi. Kazi ikaisha mapema, nikashuka ufukweni kupunga upepo. Hapo nikawakuta vijana wawili wana chatu. Mmoja kamvaa shingoni kama skafu, mwenzake anawaita wageni wapige naye picha kwa pesa. Chatu mwenyewe mdogo, mita moja na kidogo, mdomo umezungushiwa utepe wa gundi. Jua la saa nane, mchanga unaunguza, na kila mgeni akishamaliza kucheka na kupiga picha, yule kiumbe anahamishiwa shingo nyingine.

Nikaingiwa na huruma. Au tuseme ukweli, nikaingiwa na huruma na kiburi kwa pamoja. Tangu nipo sekondari nimekuwa na hamu na nyoka. Niliwahi kusoma habari za Ionides, yule Mwingereza aliyekuwa bwana nyama kule Liwale na baadaye akaishi akikamata nyoka kusini mwa Tanganyika, hadi watu wakamwita Bwana Nyoka. Alikamata mafutu na hongo kama sisi tunavyokamata kuku. Akafariki mwaka 1968, lakini kichwani mwangu hakuwahi kufa. Basi nikajiona na mimi Bwana Nyoka wa Mji Mkongwe.

"Mnamuuza?" nikauliza.

Wakatazamana. "Laki moja, kaka."

Tukavutana, tukaishia elfu sitini. Nikampanda naye daladala akiwa ndani ya mfuko wa unga, mimi nimejikausha kama niliyebeba muhogo. Abiria wa pembeni angejua angeruka dirishani.

Nyumbani (napanga chumba cha juu, Mkunazini) nikamtoa ule utepe, nikamtia kwenye sanduku kubwa la plastiki lenye matundu. Nikampa jina: Mhariri. Wenzangu wa magazeti watanielewa. Anameza kitu kizima, kisha anakaa kimya mwezi mzima bila kukwambia kama kimemfaa.

Sasa njoo kwenye kosa langu.

Jumapili nikapita Darajani, nikamlipa kijana mmoja anitegee panya, akaniletea mzima. Nilidhani nyoka ni nyoka tu, ukimpa panya atammeza. Nikamtumbukiza ndani ya sanduku. Mhariri hakujishughulisha. Akajikunja pembeni, kichwa kati. Nikasema usiku utamtia njaa. Asubuhi ya Jumatatu panya bado yupo, anatembea juu ya mgongo wa nyoka kama yuko kibarazani kwao. Nilikuwa nimechelewa kikao cha Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Nikafunga mlango, nikaondoka.

Nilirudi baada ya Magharibi. Nilipowasha taa panya alikuwa amekaa juu ya fundo la nyoka, anatafuna. Kwanza sikuelewa anatafuna nini, maana sikuwa nimemwekea chakula. Kisha nikaona damu kwenye plastiki.

Alikuwa anamla Mhariri.

Jeraha la kwanza lilikuwa katikati ya mgongo, refu kama kidole changu cha shahada. Magamba hayapo, ngozi haipo, na chini ya nyama nikaona vitu vyeupe vimepangana kama meno ya kitana. Mbavu. La pili dogo zaidi, karibu na mkia. Na nyoka hakufanya lolote, hakupiga wala hakukimbia. Alizidi kujikunja tu.

Nimeripoti ajali za barabarani, nimeripoti meli kuzama, sikuwahi kutapika. Siku ile nilitapika.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili linafahamika sana kwa wanaofuga nyoka. Nyoka mgeni, aliyetoka kwenye misukosuko, hali. Anataka kuachwa peke yake, mahali pa giza, wiki nzima au zaidi, kabla hata hujafikiria kumlisha. Na nyoka asiyetaka kula hapigani na panya. Porini angemwacha apite, lakini ndani ya sanduku panya hana pa kupita, ana njaa na ana meno. Ndiyo maana wajuzi huwapa panya aliyekwisha kufa, na wale wanaotoa panya hai hawabanduki hapo. Mimi nilibanduka kwa saa kumi na moja.

Usiku ule nilipiga simu kwa kila ninayemjua. Yakhe mmoja akaniambia, "Mpige kigongo tu umpumzishe." Mwingine alicheka mpaka akakata simu. Hatimaye nikampata daktari wa mifugo, mtu niliyewahi kumhoji kuhusu ugonjwa wa kuku. Akanyamaza kwanza.

"Nyoka wako mwenyewe?" akauliza.

"Wangu, Daktari."

"Mimi nimesoma pale Sokoine, Morogoro. Tulisoma ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa. Nyoka tulimsoma kama sababu ya kifo cha ng'ombe." Kisha akasema, "Mlete kesho asubuhi. Kabla watu hawajaja."

Mungu ambariki yule mzee. Alikesha anasoma, na akawasiliana na wenzake wa bara wenye uzoefu wa wanyamapori. Asubuhi alikuwa na ukurasa mzima wa maelezo kwa mkono. Nawaandikia hapa, si ili mjitibie nyoka wenu, bali kwa sababu mambo haya yalinifungua macho.

Kwanza, nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Analichukua nje. Kwa hiyo hata kinga ya mwili wake inategemea joto. Nyoka mwenye jeraha akikaa kwenye ubaridi hata dawa haimsaidii ipasavyo. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, baridi yake ya usiku wa kipupwe wenyewe mnaijua. Nikawa najaza chupa maji ya moto, nazifunga kanga, naziweka upande mmoja wa sanduku, ili achague mwenyewe akae wapi.

Pili, jeraha husafishwa kwa maji ya chumvi au kwa iodini iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Iodini kali inaunguza nyama mpya.

Tatu, asilale kwenye mchanga wala maranda ya mbao, kwa sababu yanaingia kidondani. Alale kwenye karatasi safi, ibadilishwe kila siku. Hapo nikapata faida ya kazi yangu. Kila asubuhi Mhariri alitandikiwa toleo la jana la gazeti letu. Ni mara ya kwanza kuona kazi yangu inamsaidia kiumbe na kesho yake haikanushwi.

Nne, sindano. Daktari alimpima kwenye mizani: gramu 900. Dawa yenyewe ni ya kuua vijidudu, inayotumika hata kwa binadamu, ila kwa nyoka dozi yake ni kidogo sana na hudungwa mara moja kila siku tatu, kwa sababu mwili wake unaitoa dawa polepole. Na hudungwa nusu ya mbele ya mwili, maana damu ya nusu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla haijazunguka mwili. Yeye alimdunga ya kwanza, akanifundisha za mbele yake. Dozi saba, wiki tatu.

Kichupa kimoja kilikuwa kingi mno kwa kiumbe wa gramu 900. Kwa hiyo akanigawia dawa kwenye vibomba vidogo vya sindano, akasema vikae kwenye friza, nitoe kimoja kila siku yake ikifika.

Mimi sina friza. Aliye na friza ni Bi Mkubwa, mwenye nyumba wangu, anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa mtaa. Nikafunga vibomba kwenye mfuko mweusi, nikamwambia, "Bi Mkubwa, naomba uniwekee dawa za jamaa yangu mgonjwa." Akaweka bila kuuliza. Ndivyo alivyo.

Kwa nini sikumwambia ukweli? Mnauliza? Mtu akifuga nyoka chumbani hapa kwetu haitwi mpenda wanyama. Chui wa Unguja mnamkumbuka? Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameandika sana juu yake. Watu vijijini waliamini kwamba kuna chui wa kufugwa, wa wachawi, wanaotumwa kudhuru. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapita kampeni ya mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, kusaka wachawi na chui kwa pamoja. Leo chui wetu tunamjua kwa yule aliyekaushwa wa makumbusho. Kwa hiyo mpangaji kijana, asiye na mke, anayerudi usiku wa manane na ana chatu chini ya kitanda... Nilijua neno litakaloanza kutembea vichochoroni kabla ya adhana ya Alfajiri.

Wiki ya pili, nikiwa nimerudi kazini, nikamkuta Bi Mkubwa amekaa kwenye ngazi. Ule mfuko mweusi upo mapajani mwake, umefunguliwa.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu lini nini, Bi Mkubwa?"

"Usinidanganye, mwanangu. Mimi sindano nazijua. Nilizitoa chini ya godoro la mwanangu miaka minne. Kila nikimuuliza ananambia dawa ya rafiki yake." Sauti yake haikupanda. "Nilimzika, nikasema nyumba hii haitaingia tena kitu hicho. Sasa nambie. Tangu lini?"

Nilikuwa sijui. Nimekaa kwake mwaka na nusu, nimekula futari yake, sikuwahi kujua kwamba picha ya kijana iliyo ukumbini ni ya marehemu. Mimi, mwandishi wa habari, ambaye nimeandika habari za unga na vijana wa mji huu zaidi ya mara tano.

"Bi Mkubwa," nikasema, "njoo juu nikuoneshe."

Alipanda polepole, anashika ukuta. Nikafunua sanduku. Mhariri alikuwa amejinyoosha juu ya ukurasa wa michezo, kidonda kimeanza kufunga ukoko wa kahawia.

Alitazama muda mrefu. Nilitegemea kelele. Nilitegemea "Audhubillahi" ya kuamsha mtaa. Akauliza tu, "Sindano ni zake huyu?"

"Zake."

"Wallahi?"

"Wallahi, Bi Mkubwa."

Akakaa kitandani kwangu akalia. Alilia kama mtu aliyeteremshwa mzigo. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya mtandio, akarudi kuwa mwenye nyumba. "Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Zikimalizika, huyu ndani mwangu hakai. Hata siku moja." Alipofika mlangoni akageuka. "Na mfuko nitauweka mbali na barafu za watoto."

Kuanzia siku ile akawa anauliza habari zake. Hakupanda tena, ila asubuhi nikishuka ananiuliza "Mgonjwa kaamkaje?" namna ileile angeuliza habari za jirani.

Dozi zikaisha. Jeraha la nyoka haliponi kwa siku saba kama la kwetu, linakwenda kwa miezi. Macho yake yakawa ya kibuluubuluu, dalili kwamba anakaribia kujivua gamba. Gamba lilipotoka likang'ang'ania pale kwenye kidonda, nikamloweka kwenye maji ya uvuguvugu hadi likaachia lenyewe. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, isiyo na mpangilio wa magamba. Alama ile atakufa nayo. Siku chache baadaye nikamtolea panya aliyekwisha kufa, nikaondoka chumbani. Niliporudi panya hayupo.

Ningeweza kumalizia hapo mkanipigia makofi. Lakini bado kuna jambo.

Wakati namwuguza nilikaa nikasoma kile ambacho mwandishi alipaswa kukisoma kabla ya kutoa elfu sitini. Chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini. Na hapa kwetu Zanzibar ipo Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, inayogusa wanyamapori pia. Sikuwa na kibali chochote. Nikasoma vilevile habari za yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye mikadi. Wapenda mijusi wa Ulaya na Marekani walimpenda mno, na kila aliyenunua alidhani ananunua mmoja tu. Wakamataji wakawa wanakata mikadi yenyewe ili wamfikie. Mwaka 2016 ilibidi awekwe kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa wa CITES. Mwaka huohuo Wizara ya Maliasili na Utalii ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Nikampigia afisa mmoja wa wanyamapori, nikamweleza yote, pamoja na bei. Alinisema, na nilistahili kusemwa. Akaniambia wanyama hawatupwi popote tu, kwanza nijue alikamatwa wapi. Kwa hiyo nikarudi Nungwi kuwatafuta wale vijana.

Waliniona kwa mbali. "Mteja!" mmoja akaita kwa furaha. "Leo unamtaka huyu? Huyu ni laki na nusu."

Shingoni alikuwa na chatu mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza.

Nikamuuliza wamempata lini. "Wiki ileile uliyomchukua yule. Ulitupa mtaji, kaka. Tukawapa watoto wa shamba elfu ishirini watutafutie mwingine."

Elfu ishirini. Kutoka kwenye sitini yangu. Nilikuwa na hotuba nzima nimeiandaa njiani, ikanikauka mdomoni, kwa sababu aliyemkamatisha yule nyoka wa pili ni mimi. Tukakaa mchangani tukazungumza. Mmoja alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye hoteli, akapunguzwa msimu ulipokuwa mbaya. Picha moja shilingi elfu tano, siku nzuri anapata picha nane. "Wewe ungefanya nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina. Ila mahali alipokamatwa Mhariri alinitajia bila kinyongo. Na utepe wa gundi tuliutoa pamoja. Kama aliurudisha nilipoondoka, sijui.

Afisa alikuja na gari baada ya Isha. Alimkagua Mhariri kwa tochi, mdomo, macho, kovu, akaridhika. Tukaenda hadi kwenye vichaka nje ya mashamba, mahali pa mawe ya matumbawe yenye mashimo. Nikafungua mfuko. Nilidhani atasita kidogo, kama kwenye filamu. Hakusita. Alipita kwenye nyasi, kovu likang'aa mara moja kwenye mwanga wa tochi, basi.

"Ukimuona tena mtu anauza," afisa akasema tukirudi garini, "nipigie mimi. Usinunue."

Nilifika nyumbani saa tano usiku. Bi Mkubwa alikuwa bado macho, anafunga barafu za kesho.

"Mgonjwa wako?"

"Kapona, Bi Mkubwa. Kaenda zake."

"Alhamdulillahi," akasema, huku anafunga fundo la mfuko kwa meno. "Wengine hawaponi."

Nikakaa kibarazani nikamsaidia kufunga hadi zilipokwisha. Nikamuuliza jina la mwanawe, na akanisimulia habari zake mpaka saa saba.

Haya, ndiko nilikokuwa. Nimerudi.